Kipa Aliyefukia Kitu Golini

Fundi anaranda mbao za mninga kwenye nyumba yangu, niliyoijenga kwa jasho na diploma yangu bila msaada wa mtu. Harufu hiyo hiyo ilikuwa kwenye magongo tuliyojichongea shuleni kwa ajili ya hoki.

Dada yangu alikuwa kipa wetu. Timu ambayo ingeshinda ingepanda lori kwenda kucheza Mpanda mjini, na dada hakuwahi kufika mjini. Nilikaa nyuma ya goli la wapinzani, maana kipa wao hakuwa amefungwa hata mara moja, nami simwamini mtu wa namna hiyo. Nikamwona anafukia kitu mchangani.

Wakati wa mapumziko, kabla ya kubadilishana magoli, nilimnong'oneza dada, "Da, pale katikati wamefukia dawa. Usipakanyage."

"Umeiona?"

"Kwa macho yangu."

Kipindi cha pili dada alisimama pembeni ya goli. Mpira ukapita palepale katikati.

Mechi ilipoisha tulifukua tukakuta jiwe bapa.

"Nilikuwa nimelisahau," kipa wao alisema, akilifuta kwenye sketi. "Nikilikanyaga najua niko katikati."

Lori liliondoka nao. Dada hakunigombeza. Ila tangu siku ile, kila nilichomwambia, alikwenda kwanza kukiangalia mwenyewe.