Msumeno wa Kuweka Uani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja bleidi mbili za msumeno kabla hata ya chai. Karakana ilikuwa ya shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Kilosa, na nilikuwa nimepewa kukata shafti ya toroli la kubebea majani ya mkonge. Nilikuwa kijana mwenye hamu ya kuonekana nina nguvu. Nikaukandamiza msumeno kwenda, nikaukandamiza kurudi, jasho linanitiririka hadi kwenye chuma. Fomeni, mtu mfupi ambaye ovaroli yake ilipigwa pasi hadi kwenye viraka, alikuja akasimama nyuma yangu.

"Unakata chuma au unagombana nacho?" aliuliza.

"Nakata, mzee."

"Basi acha ugomvi. Meno yanatazama mbele. Ukienda mbele, sukuma. Ukirudi, legeza mkono, urudi bure. Hakuna anayefanya kazi kwenda na kurudi asichakae."

Nililegeza mkono, na shafti ikaanza kukatika. Nawaambia ninyi vijana mnaoanza ufundi leo, somo lile nililipata kwa aibu mbele ya karakana nzima, na ndiyo maana sijalisahau.

Kwenye kona ya karakana ile palikuwa na msumeno wa mashine. Ulikuwa na mkono mrefu wa chuma ulioshika bleidi, na mota iliyouvuta mkono ule na kuusukuma. Tuliuita Mama Mkwe, kwa sababu ulikula polepole na hakuna aliyethubutu kuuharakisha. Wenyewe ulikuwa kinyume na msumeno wa mkono: ulikata ukivutwa, na ukisukumwa bleidi ilinyanyuka kidogo isikwaruze. Maji yaliyochanganywa na mafuta, meupe kama maziwa, yalidondoka juu ya chuma kukipoza. Unafunga kipande kwenye jiliwa, yaani ile taya ya kubana chuma, unawasha, unakwenda kupiga tupa kazi nyingine. Chuma kikikatika, mkono unashuka wenyewe, unagonga swichi, mashine inazima.

Hadi leo nikifumba macho naisikia harufu ya karakana ile: mafuta, chai ya majani iliyochemka kupita kiasi, na mkonge mbichi uliokuwa ukipita nje kwenye matoroli. Fomeni alitufundisha kuchagua bleidi kabla ya kuchagua nguvu. Bomba jembamba linataka meno madogo ya karibu karibu, chuma kinene kinataka meno makubwa, na wakati wote meno yasiyopungua matatu yawe yamelala juu ya chuma. Yakiwa pungufu, jino linanasa ukingoni na kung'oka. Chuma cha pembe alitulazimisha kukifunga kama paa la nyumba, mgongo juu na miguu miwili chini, ili bleidi ikutane na unene ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilikipenda kile chuma kilichokatwa baridi. Ukipitisha kidole kilikuwa laini, na unaweza kukitoboa papo hapo.

Shamba lilipopunguza wafanyakazi, nilikwenda Mikumi, kwenye gereji ya malori iliyokuwa kando ya barabara kuu. Huko nilikutana na maisha mengine kabisa. Meneja wa gereji alikuwa mtu mwema, mwenye simu sikioni mchana kutwa, na siku niliyomwomba anunue msumeno wa kwenda na kurudi kama Mama Mkwe alicheka hadi akaketi.

"Fundi, mteja wangu yuko barabarani. Hana muda wa kusubiri msumeno wako unywe chai. Chukua grenda!"

Nilichukua grenda, ile mashine ya mkononi ya kusaga na kukata chuma. Baadaye ikaja mashine ya diski, ile unayoishusha kwa mkono juu ya chuma na jiwe lake jembamba linazunguka kwa kasi likikata kwa moto. Sikatai, ilifanya kazi. Shafti iliyomchukua Mama Mkwe muda wa hadithi tatu, diski iliimaliza kabla hujakohoa. Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Chuma kilitoka kimeungua ukingoni, kigumu hadi keekee ya kutobolea ililia. Kiangazi kimoja cheche ziliruka hadi kwenye nyasi kavu nyuma ya gereji, tukaacha malori tukawa tunapiga moto kwa matawi na magunia mabichi, Meneja naye yumo, simu ameitupa. Na kelele zile hazikuniacha salama. Sikio langu la kushoto siku hizi kazi yake ni kushikilia miwani tu.

Miaka yote ya Mikumi mke wangu, Mama Zuhura, alibaki nyumbani kwetu Masanze akilima mahindi na kulea watoto. Nilikuja mwisho wa mwezi, nikalala, nikaondoka. Nilijiahidi kwamba nikistaafu sitafanya tena kazi mahali ambapo akiniita siitiki. Nilistaafu. Msimu ule ule wa kuvuna, Mama Zuhura akapata kiharusi.

Alhamdulillahi, alibaki na akili zake zote na utani wake wote. Lakini upande wa kulia ulilala, na sauti ikawa ndogo, ya mtu anayeongea kutoka chumba cha pili hata akiwa mbele yako. Kwenda kufanya vibarua mjini Kilosa nikamwacha haikuwezekana. Kukaa bure nako kungeniua. Mikono yangu haijui kupumzika, na majirani walikuwa wanaleta majembe na milango hadi kibarazani. Nikaamua kujenga karakana ndogo uani, chini ya dirisha la chumba chake. Jiliwa ninalo, tupa ninazo, mashine ya kuchomelea ninayo. Lililobaki lilikuwa msumeno, na msumeno huo ulipaswa kukata chuma huku mimi nikimsikia mgonjwa wangu, kwa sikio moja.

Nilikwenda Morogoro na binti yetu, Zuhura. Muuzaji wa duka la mashine alikuwa kijana mchangamfu.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta msumeno wa chuma wa kuweka nyumbani."

"Umefika. Hii hapa ya diski, kitu na boksi! Ukigusa tu, chuma kimelala."

"Iwashe." Kisha nikamgeukia Zuhura. "Mama, kasimame pale mlangoni. Uniite kama anavyoita mama yako."

Zuhura alinitazama, akaelewa, macho yakamlegea. Alisimama mlangoni. Muuzaji akakata kipande cha bomba. Niliona midomo ya binti yangu ikitembea, sikusikia kitu. Nikampungia muuzaji mkono azime.

"Ulisema?"

"Nimesema, 'Baba Zuhura, maji.' Mara tatu."

Pale pale nilimwona mwenzangu kitandani akiomba maji mara tatu, mimi nipo hatua chache, natoa cheche.

Tukajaribu msumeno wa mkanda, ambao bleidi yake ni utepe mrefu unaozunguka juu ya magurudumu mawili. Huo ni mzuri, vijana, na kama mna masikio yenu yote sitawazuia. Unakata baridi, nyembamba, na haupotezi chuma. Lakini mlio wake ni mmoja usiokatika, na sauti ya Zuhura ilizama ndani yake. Wateja walianza kutuzunguka. Mmoja alimwuliza muuzaji kama mzee huyu yuko sawa.

"Mzee wangu," muuzaji akasema, sasa kwa upole, "kuna kimeo kimoja huko nyuma, cha mtumba. Kizito, na kinakata pole pole mno. Nilitaka kukiuza chuma chakavu."

Alivuta turubai, nami nusura nimwamkie. Haukuwa Mama Mkwe mwenyewe, ulikuwa mdogo, pengine mjukuu wake, lakini mkono ni ule ule na jiliwa ni lile lile. Nilikagua mkono kama unacheza kwenye reli zake. Ulicheza kidogo, wa kurekebishika. Nilitazama kama bleidi inanyanyuka ikirudi. Ilinyanyuka. Tukauwasha. Ukavuta, ukakwaruza chuma, ukarudi, kimya kidogo kikapita, ukavuta tena. Na katika kimya kile kidogo, wakati meno yako hewani, nilisikia wazi kutoka mlangoni:

"Baba Zuhura, maji."

Nililia mbele ya watu, na sioni haya kuandika hivyo.

Vijana huniuliza msumeno gani bora. Huwajibu kwamba chombo hakiendi ila kwa nyenzo, lakini nyenzo huchaguliwa na chombo. Mwenye malori barabarani na achukue diski, avae miwani na vizuia sikio, na asogeze nyasi. Mwenye milango na mageti mengi achukue wa mkanda. Mwenye kazi ya kipande kimoja kwa wiki asinunue mashine. Msumeno wa mkono na bleidi nzuri vinamtosha. Kwanza jiulize unakata nini, kisha uliza nani anaishi upande wa pili wa ukuta.

Kazi ya kwanza nyumbani ilikuwa bomba la kushikilia, la kufunga ukutani kutoka kitandani kwa Mama Zuhura hadi mlangoni, ajizoeze kutembea. Nililifunga kwenye jiliwa, nikawasha, nikakaa kwenye kigoda sikio la kulia likielekea dirishani. Hakuita. Bomba likakatika, mkono ukashuka, mashine ikajizima.

"Baba Zuhura!"

Sijui niliingiaje ndani. Nilimkuta amejiinua kwa kiwiko cha kushoto, macho kayatoa mlangoni.

"Unataka maji?"

"Sitaki."

"Unaumwa wapi?"

"Siumwi." Maneno yake hutoka moja moja, na huwa nangoja. "Imenyamaza. Nikadhani... umeanguka."

Niliketi kitandani. Nilikuwa nimepekua mashine zote za Morogoro nikitafuta itakayoniacha nimsikie, kumbe naye alikuwa ameutega moyo wake wote kunisikia mimi, na kwake kelele ile ilikuwa ndiyo habari njema. Nilimshika ule mkono uliolala nikamwambia nimechelewa sana kurudi nyumbani. Akasema anajua.

Tangu siku hiyo, msumeno ukijizima sigusi chuma kwanza. Napaza sauti kama niko bado gerejini Mikumi, "Nipo, Mama Zuhura!" na kungoja. Dirishani hutoka ile sauti ndogo, kwa raha zake:

"Haya, kata."