Nilifika Kuposa Tumbo Limejaa Enchilada

Kosa ni langu, jamani. Nalikubali hapa kabla shemeji yangu Bahati hajawaeleza mengine. Lakini na yeye namtaja, hata akikasirika!

Mimi ni mjane, Mkongo, nakaa Apple Valley. Shule sikusoma sana. Vita ya Kivu ilinikosakosa, kambini nikakaa miaka, nikafika huku ng'ambo na mtoto mmoja tu wa kiume, Espoir. Alipompata Riziki, binti wa Wakongo wenzetu wa Des Moines, mwendo wa saa tatu na zaidi kwa gari, nililia kwa furaha.

Jumamosi moja ya 2016 tukaenda kumuomba. Bahati, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye msemaji wetu, na gari ni yake. Espoir alitangulia.

Sasa, mimi na Bahati tuna ugonjwa wa enchilada, ile mikate ya mahindi ya Kimeksiko inayoviringishwa na kumwagiwa mchuzi. Pale kiwandani ninakofanya kazi, mji wa Savage, kuna mama Mmeksiko alinizoesha. Basi njiani, kila tukiona mgahawa wa Wameksiko, Bahati anapaki.

"Shemeji, onja ya hapa. Ile ya Savage ni maji tu!"

"Bahati, tunangojwa kwa wakwe."

"Wakwe watapima tumbo lako? Ongeza!"

Nikaongeza. Mji wa kwanza ya kuku, wa pili ya jibini na mchuzi wa kijani, wa tatu ile ya mchuzi mweusi, pilipili na chokoleti. Eh, Mungu wangu!

Tulifika saa tisa. Bugali, yaani ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo, samaki, mbuzi. Mama Riziki alipika tangu asubuhi, na hakuna aliyegusa, wanatungoja sisi.

Nikatazama sahani, tumbo likakataa. Badala ya kusema ukweli nikadanganya: "Mama, nisamehe, niko kwenye maombi ya kufunga."

Kwetu, mgeni akikataa chakula ni kama amesema nyumba hii ina sumu. Nilijua! Nilijua kabisa!

Baba mkubwa wa Riziki akamega bugali, akachovya kwenye sombe, akala akinikazia macho. "Mama Espoir, umeona? Sijakufa."

Tonge moja tu lingeniokoa. Nikang'ang'ania uongo wangu. Ndipo Mama Riziki akaangalia kifua changu.

"Maombi gani haya yanamwaga mchuzi wa kijani kwenye kitenge?"

Bahati akacheka! Mpumbavu yule akacheka, akaeleza yote, miji mitatu, mchuzi kwa mchuzi.

"Kumbe kwa watu wasiowajua mlikula," Mama Riziki akasema polepole. "Kwangu ndiyo mnaogopa." Akafunika sufuria. Habari ya posa ikaishia hapo.

Riziki ameolewa na mwingine. Espoir aliniacha, akahamia Maplewood. Nikimpigia ananijibu kwa Kiingereza, kifupi, kama mtu wa ofisi. Na Bahati bado ananiambia, "Ni chakula tu, shemeji." Chakula tu!

Ninyi mnaokwenda kuposa, msile njiani. Na kama mmekula, semeni mmekula, halafu mmege tonge la wenyewe hata kama litawapasua. Mimi nililinda tumbo, nikampoteza mwanangu.