Vivuli Kwenye Shuka la Sinema

Nakumbuka, mwanangu, jioni ile gari la sinema lilipoingia Temeke likipiga honi tangu barabarani, na watu wakaacha vyungu motoni. Wakati huo tulikuwa chini ya Mwingereza, na gari lenyewe lilikuwa la serikali. Lilikuja mara mojamoja kutuonyesha namna ya kuchimba choo na kufukia madimbwi ya mbu. Vyoo na mbu tulivivumilia tu, maana tulijua mwishoni itawekwa katuni, zile picha za kuchora zinazotembea zenyewe.

Shuka kubwa jeupe lilifungwa kwenye miti miwili iliyochimbiwa uwanjani. Wanaume na watoto walikaa mbele, upande wa gari. Sisi wanawake tulikaa nyuma ya shuka, kwa heshima, kama ilivyokuwa desturi yetu. Kitambaa kilikuwa chepesi na picha ilipenya hadi kwetu, ila ilikuja kinyume, anayekwenda kulia kwetu akawa anakwenda kushoto. Hatukujali, vichekesho ni vilevile.

Mie nilikuwa mwali, nimetolewa ndani karibuni, na nilikuwa nimeshaposwa. Mchumba wangu alikuwa Shabani, fundi seremala wa Kinondoni, kijana mpole asiyejua kupaza sauti. Nilimpenda; nasema waziwazi kwa kuwa sasa hakuna wa kunichapa. Posa yake ililetwa na Mzee Kondo, baba yake mdogo aliyemlea, na harusi ilikuwa ifanyike baada ya mfungo. Jioni ile walikuja wote wawili wakakaa mbele na wanaume wenzao.

Katuni yenyewe ilikuwa ya jogoo na bata. Mwanzoni uwanja mzima ulijaa wanyama, mbuzi anapanda paa, mbwa anakimbizwa na paka, ilimradi vurugu. Halafu wale wengine wakaondoka mmojammoja hata hatukuona wamekwendaje. Wakabaki jogoo na bata peke yao. Miti miwili ikainama, matawi yakakutana juu yao mfano wa mlango. Nyuma yao ukachorwa mwezi mkubwa kuliko nyumba. Jogoo akasogea, bata akateremsha kope, midomo yao ikawa karibu kugusana. Mkalimani wa gari, ambaye kwa kawaida alisema na kipaza sauti mpaka akakauka koo, alinyamaza kimya. Sisi wanawake tukapiga vigelegele, na cha kwanza kilikuwa changu.

Katuni ikaisha, taa ya gari ikazimwa wabadilishe mkanda. Nyuma kwetu kulikuwa na mama muuza vitumbua, na yeye kila giza lilipoingia aliwasha karabai yake akaiweka juu ya sanduku ili watoto wasikanyagwe. Mara upepo ukavuma, kamba ya shuka ikakatika. Nilikuwa karibu, nikainuka nikalishika shuka kwa mikono miwili juu ya kichwa lisianguke, wenzangu wakiniita jina kwa sauti nisiliachie. Kijana mmoja wa gari, mtu wa bara, akaja mbio upande wetu, akaniambia, "Shikilia hapohapo, dada." Yeye akasimama mbali nami, karibu na karabai, apate mwanga wa kuunga kamba. Mikono yote ina kazi, akainamisha kichwa akaing'ata kamba kwa meno. Nami nikageuza uso kumwangalia kama amemaliza, maana mikono ilikuwa imeshaanza kufa ganzi.

Ghafla upande wa wanaume wakalipuka kwa makelele. Wanapiga miluzi, wanapiga makofi, watoto wanaruka. Sisi tukadhani katuni imerudi, tukatazama shuka, hatukuona kitu. Kijana akafunga kamba yake, akanishukuru, akaenda zake. Nilikaa chini nikala kitumbua, na sikujua kwamba kitumbua changu kilikuwa kimeshaingia mchanga.

Asubuhi Mzee Kondo alifika kwetu kabla chai haijachemka. Alikataa kukaa. Alimwambia baba kuwa posa imekwisha, yeye hawezi kumwoza mwanawe msichana anayemkumbatia mwanamume wa gari mbele ya mji mzima. Mama akatoka, akaeleza habari ya kamba na upepo, akamtaja mama vitumbua na majirani waliokuwepo. Mzee Kondo akajibu kwamba wanawake hulindana.

"Nimeona mwenyewe," alisema. "Macho hayana pazia."

Ndipo tulipojua kilichokuwa kimetokea. Karabai ilikuwa nyuma yetu na shuka mbele yetu, kwa hiyo vivuli vyetu viliangukia kwenye shuka, na wanaume waliviona kutoka upande wao, na jina langu walikuwa wameshalisikia likiitwa. Mikono yangu iliyoinuliwa ilionekana imezunguka shingo ya yule kijana. Kichwa chake kilichoinamia kamba kilionekana kinainamia uso wangu. Mji mzima ulikuwa umetoka kuwaona jogoo na bata, ukaona na sisi tumo mlemle.

Mwanangu, usiombe yakukute. Siku hizo msichana aliyerudishiwa posa kwa sababu kama ile alikuwa amekwisha. Nikienda kisimani, mazungumzo yanakatika. Wengine hawakungoja hata niondoke, walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baba aliacha kukaa barazani. Lakini lililonichoma zaidi ni Shabani. Hakuja, hakutuma neno. Nililia nikiwa nakuna nazi, nikimwambia mama ni moshi.

Sasa nilikuwa na somo wangu, Bibi Mwanjaa, kungwi aliyenicheza unyago akanifunza ya ndani na ya nje. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye kucheka kwa pua. Alinijia akanikuta nimejifunika kanga gubigubi. Akaniambia mficha uchi hazai, nimweleze yote, hata yale ninayoona aibu. Nikamweleza. Nikadhani atanipa pole. Badala yake akaniuliza habari za katuni.

"Huyo jogoo alimwambia nini bata?"

"Hakusema kitu, Bibi."

"Bata je?"

"Naye hakusema."

"Basi wewe ulipigia nini kigelegele?"

Nikamwambia ilionekana tu kwamba wanapendana. Akanibana: ilionekanaje? Nikaanza kumweleza, wenzao waliondolewa wakabaki wawili, miti ikawazunguka, mwezi ukawekwa nyuma yao, nyuso zikageuzwa zitazamane. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuelewa. Wale hawakupendana hata kidogo, mwanangu. Wino haupendi. Kuna mtu alikaa mezani na kalamu akachagua nani abaki na nani aondoke, kisha akaliacha jambo lenyewe nilimalizie mie kichwani mwangu.

Bibi Mwanjaa akanikaripia, ila kwa upole. Alisema mie nawalalamikia wanaume wa Temeke kwa kosa nililolifanya mwenyewe dakika chache kabla yao. Tofauti ni kwamba bata hana baba wa kuaibika. Kisha akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, akachukua kanga yake akaenda Kinondoni kwa miguu, jua kali vile.

Sijui alimwambia nini Mzee Kondo. Najua tu kwamba alikuwa mkubwa kwake kwa umri, na binti zake Mzee Kondo walichezwa na yeye, kwa hiyo asingeweza kumkatalia. Kesho yake baada ya magharibi walifika kwetu, Mzee Kondo na Shabani. Baba aliwatandikia mkeka uani. Mie na mama tulikuwa chumbani, tunachungulia kwenye upenyo wa mlango. Nilimwona Shabani ameinamisha kichwa, amekonda, nikafurahi kwamba amekonda.

Bibi Mwanjaa alikuwa ametundika shuka kutoka ukutani hadi kwenye nguzo ya jiko. Nyuma yake, juu ya kinu kilichopinduliwa, aliweka karabai. Akamwita Mzee Kondo, "Mdogo wangu, njoo unisaidie kuvuta kamba hii, mie sina nguvu." Mzee wa watu akainuka bila kufikiri mara mbili. Akapelekwa nyuma ya shuka, akasimamishwa karibu na karabai, akapewa kamba aing'ate kwa meno huku akiikaza kwa mikono. Bibi mwenyewe akaja hatua kadhaa mbele, karibu na shuka, akalishika kwa mikono miwili juu ya kichwa, akageuza uso.

Mwanangu, nisamehe nikicheka. Pale kwenye shuka tulimwona Mzee Kondo, mtu wa sala tano, amekumbatiwa shingoni na kungwi mzee, na mdomo wake umo mdomoni mwa bibi, haubanduki. Baba, aliyekuwa hajacheka tangu siku ile, aliangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka. Mama alijiziba mdomo kwa kanga. Hata Shabani mabega yalimtikisika.

Mzee Kondo akatoa kamba mdomoni. "Mnacheka nini?" akauliza kutoka kule nyuma. Hakuna aliyemjibu, kicheko kilizidi. "Jamani, nauliza, mnacheka nini?" Sauti yake ilikuwa imeanza kuingia hofu, na hapo mie nikaacha kucheka, maana niliijua hofu ile.

Bibi Mwanjaa alimshika mkono akamleta mbele, kisha akamweka baba mahali pake na kamba yake, naye bibi akarudi kwenye shuka. Mzee Kondo akatazama. Akamwona baba naye amekumbatiwa vilevile.

"Kondo," bibi akamwita kutoka nyuma ya shuka, "ulipokuwa huku na kamba mdomoni, ulifanya nini kibaya?"

"Sikufanya kitu, dada."

"Na mtoto yule hakufanya kitu."

Mzee Kondo alikaa chini kwenye mkeka. Alikuwa mtu mwenye kiburi, lakini hakuwa mtu mbaya, na kuna watu wengi wa namna hiyo. Alimwomba radhi baba, akamwomba mama, tena kwa jina. Akasema amefanya pupa, na kwamba keshokutwa, Ijumaa, atasimama na wazee wenzake baada ya sala aeleze aliyoyaona, na namna alivyodanganyika. Kisha akauliza kama posa inaweza kurudi. Baba akasema huo si uamuzi wake peke yake, akaagiza niulizwe mwenyewe.

Kwa desturi yetu mwali akiulizwa hajibu. Akinyamaza, amekubali. Mama akanigusa bega, kama kunikumbusha. Lakini kifuani nilikuwa na jambo, na nilijua nikilimeza usiku ule litaniozea humo maisha yangu yote. Nikavuta kanga nikajitanda, nikasimama mlangoni.

"Shabani," nikasema, "siku ile ulikuwa mbele ya shuka, mie niko nyuma yake. Mbona hukuzunguka?"

Akasema upande ule ulikuwa wa wanawake. Nikamwambia alikuwa na uwezo wa kumtuma mtoto yeyote achungulie, au wa kuuliza kesho yake, au keshokutwa yake. Alikuwa anachezea ukingo wa mkeka, na nilipomwona vile nilitamani nimhurumie, nikajizuia.

"Niliogopa kuzunguka nikakuta ni kweli," alisema mwishowe. "Nikaona bora nikae na hasira."

Aliyasema hayo mbele ya baba yangu na baba yake mdogo, na kwa kijana wa wakati ule halikuwa jambo dogo. Nilimtazama. Hasira yangu ilikuwa bado ipo, sitakudanganya, ila nilijua mtu anayeweza kukiri woga wake mbele za watu nitaweza kuishi naye. Mama akaniuliza kwa sauti, kama inavyotakiwa, kama naridhia kuolewa na Shabani.

Nikanyamaza. Bibi Mwanjaa akapiga kigelegele kilichosikika hadi barabarani.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Picha yoyote, iwe ya kuchora, ya kupigwa, au kivuli tu ukutani, ina mipaka, na mipaka hiyo imewekwa na mtu, au na upepo na karabai. Ukionyeshwa wawili wamebaki peke yao, jiulize ni kina nani walioondolewa kandoni. Ukiona nyuso zimekaribiana, jiulize taa iko wapi na nani amesimama karibu nayo. Katuni uzipende, mie nazipenda hadi leo, na jogoo akimsogelea bata nakuwa wa kwanza kufurahi. Lakini jogoo na bata hawana majina ya kuharibiwa, binadamu wanayo.

Na ukiona la kukuumiza kwa umpendaye, usikae na hasira kwa kuogopa ukweli. Nenda kamuulize kwa mdomo wako, umtazame usoni akikujibu. Kuuliza si ujinga. Ukikuta ni uongo, umemwokoa mwenzio na umejiokoa wewe. Ukikuta ni kweli, utakuwa umeumizwa na kweli, na hiyo mtu hupona.

Mungu akupe macho mema, mwanangu, na subira ya kungoja jibu. Akujaalie mwenza atakayekuja kukuuliza kabla hajakuhukumu. Nyumba yako iwe na vicheko, na atakayechekwa ndani yake aambiwe anachekewa nini, naye acheke pamoja nanyi. Amina.