Mpira wa Breki Alionifungia Mtani

Watu wakiniona nachechemea sokoni husema pole, ajali haina kinga. Ile ilikuwa na kinga, nilikuwa nimeinunua mwenyewe. Walioninyima ni wawili: mtani wangu, fundi wa magari pale Viwanja Sitini, na mdogo wangu wa tumbo moja.

Nilikuwa na pikapu ya zamani, napakia mpunga msimu wa mavuno na mbao msimu mwingine. Breki za nyuma zilikuwa za ngoma, na ukipita njia za majaruba ya mpunga tope linaingia mle ndani na kuganda. Unakanyaga, gari linateleza tu. Mtani akanishauri tutoe ngoma tuweke diski, kwa kuwa zenyewe ziko wazi, tope halikai. Ushauri ulikuwa mzuri, hilo simnyimi. Diski tulizitoa kwenye gari bovu. Mpira wa breki, ule unaopitisha mafuta kutoka kwenye bodi kwenda kwenye ekseli, niliagiza mpya kutoka Dar, mrefu, nikamkabidhi mkononi ukiwa ndani ya pakiti yake.

Shule niliishia darasa la nne, lakini utingo nimefanya miaka mingi na nimelala chini ya magari mengi. Mpira ule haupimwi gari likiwa limekaa. Unainua bodi kwa jeki, ekseli inaning'inia, ndipo unajua kama unatosha. Maana tairi likidumbukia shimoni ekseli inashuka, na mpira lazima uifuate.

Jioni nikawakuta, yeye na mdogo wangu aliyekuwa akimsaidia kazi, wameshafunga, wanatoa upepo kwenye mafuta ya breki. Mdogo wangu ndani anakanyaga pedali, mtani chini anafungua nati, povu linatoka, anasema shikilia. Nikachungulia. Mabomba ya chuma yamekunjwa vizuri juu ya ekseli, mkono wake ni mzuri huyu mtu. Ila mpira niliuona kama mfupi.

"Mmepima likining'inia?" nikauliza.

"Mtani, kufa kwenyewe unaogopa nini?" akajibu kutoka chini. "Ukikatika, kaburi nachimba mwenyewe. Fupi tu, miguu tutakukunja."

Nikacheka. Kwetu mtani anakuambia hivyo mbele ya mkeo, na ukinuna, mwenye kosa ni wewe. Kumbana mtani kwa maswali mazito akiwa kwenye utani ni kujiaibisha. Basi sikuomba jeki. Mdogo wangu naye alicheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye usukani.

Wiki ya pili nikawa nateremka kutoka Uchindile na mbao. Mvua ilikuwa imekata barabara. Tairi la nyuma likatumbukia kwenye mfereji, nikasikia kitu kimeachia, kidogo tu, kama kifungo cha shati. Kona iliyofuata nikakanyaga, pedali ikaenda hadi chini. Magari yale ya zamani mafuta ya breki za mbele na nyuma ni ya njia moja; yakimwagika nyuma, na mbele huna. Nikalipeleka gari kwenye ukingo. Likasimama, mbao hazikusimama; zikapenya hadi kwenye kiti changu. Nyonga yangu ikavunjika.

Nilikuwa hospitali mdogo wangu alipokuja kuniambia. Mpira wangu mpya mtani alimfungia mwenye pikapu kama yangu, aliyekuwa na haraka ya kwenda Mahenge. Mimi nikawekewa ule mfupi wa gari bovu, ukafutwa kwa petroli ili ung'ae.

"Ulijua?"

"Nilijua, kaka. Alisema atakubadilishia mbele ya safari."

"Na pedali ukanikanyagia."

Akalia. Sikumbembeleza.

Kesho yake mtani akaingia wodini na jembe begani. "Kumbe bado unapumua? Nimebeba jembe bure toka Viwanja Sitini." Wodi nzima ikacheka, hata muuguzi.

"Mpira wangu uko kwenye gari la nani?" nikamuuliza.

Jembe likashuka. "Ah, mtani. Hayo nayo ya kuulizana mbele za watu?"

Mpaka leo tukikutana njiani ananianza: "We marehemu, nani kakufukua?" Kisha anangoja nimrudishie tusi, maana utani unaishi kwa kurudishiana. Mimi nasimama, naegemea fimbo yangu, namwambia shikamoo, kama namsalimia mzee nisiyemjua pale stesheni ya Mang'ula. Umri tunalingana. Hajaitikia hata siku moja.