Kupe Mwenye Ukungu

Kupe aliyekufa alilazwa juu ya kipande cha kioo katika chumba cha nyuma cha maabara ya mifugo. Alikuwa amevimba kama punje ya mahindi iliyolowekwa, ana rangi ya kijivu inayong'aa, na miguu yake minane imekunjamana upande mmoja. Kila Mama Picha alipoinama kuchungulia kwenye kamera, mate ya kichefuchefu yalimjaa mdomoni, ikabidi asimame, ayameze, ndipo arudi.

Miaka ishirini alikuwa amepiga picha za maharusi. Alijua kumficha mama mkwe aliyenuna nyuma ya shada la maua, na kumpa kifua bwana harusi mwenye kitambi. Kisha watu wakaanza kujipiga kwa simu, studio ikabaki na picha za vitambulisho, na hata hizo zikakauka. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe na daktari wa mifugo, ndiye aliyemtafutia kazi hii: picha sita za kupe za kijitabu cha wafugaji. Tano zilipita. Ya sita ilikuwa imerudishwa mara mbili, na saa sita mchana kijitabu kilikuwa kinaondoka kwenda kuchapwa. Ikikosekana, mkurugenzi angeita mpigapicha mwingine, na kazi zote zijazo zingemfuata huyo.

Wifi aliingia na buti zake za mpira, akaangalia kioo cha kompyuta.

"Wifi yangu, hapa umepiga kupe au umepiga uji?"

"Nimeziba tundu la lenzi mpaka mwisho. Ishirini na mbili! Kaka yako alinifundisha hivyo: ukiziba, cha mbele na cha nyuma vyote vinaonekana."

"Kaka yangu alikufundisha pia kukaanga mayai, na tuliyala kwa adabu tu. Huyu na yule wa ukurasa wa pili ni kama mapacha. Mfugaji atawatofautisha kwa vishimo vilivyo nyuma ya kichwa. Viko wapi?"

Havikuwepo. Palikuwa na ukungu wa kijivu, kama kioo cha bafuni.

Mama Picha alirudi kwenye picha za asubuhi. Ya kwanza kabisa ilikuwa ya kujaribu taa tu, tundu likiwa wazi zaidi, kwenye nane. Karibu yote ilikuwa imepotea, isipokuwa mguu mmoja, na kwenye mguu huo vinywele vilihesabika kimoja kimoja. Akapiga tena mguu uleule: kumi na moja, kumi na sita, ishirini na mbili. Kila alipoziba, vinywele viliyeyuka, mwisho mguu ukawa kama umepakwa sabuni.

Basi ndivyo. Mwanga ukibanwa kwenye tundu dogo hutawanyika, na kila nukta hugeuka doa. Kamera ya mumewe ilitumia filamu kubwa, na doa lilipotelea humo. Kamera hii ina kihisi kidogo, chembe zake za kunasa mwanga zimesongamana, na picha yake hukuzwa zaidi ili ijae ukurasa. Doa nalo hukua.

Lakini tangu asubuhi alikuwa akijua jambo jingine, na hilo ndilo lililomchafua roho kuliko kupe. Hakuziba tundu kwa sababu ya mafunzo ya marehemu peke yake. Kupe alikaa mshazari, kichwa juu, tumbo chini. Angelazwa sawasawa mbele ya lenzi, nane ingetosha. Ila kumlaza ni kumshika. Ili kulinda kidole chake, alikuwa tayari kumpelekea mfugaji ukungu. Alijiona mchafu kama kitambaa cha jikoni.

"Mlaze wewe basi, wifi," aliomba.

"Nina ng'ombe nje, ndama ametanguliza miguu ya nyuma. Wala usitumie kibano, atapasuka. Kidole, taratibu."

"Kidole kitupu?"

"Glavu zimeishia kwa ng'ombe. Kwani anakuchumbia?"

Mlango ukafungwa. Mama Picha akanyoosha kidole, akakirudisha, akakinyoosha tena huku amefumba jicho moja. Ngozi ya kupe ilikuwa laini, baridi, imejaa kama malengelenge, na ilibonyea. Kitu cha kahawia kikachuruzika, kikamgusa ukucha, kikanuka damu iliyolala. Alitapika kidogo ndani ya kapu la taka, akafuta mdomo kwa kiwiko, akamsukuma tena mpaka mgongo ukalala sawa. Nane. Akapiga.

Vishimo vilitokea vyote. Na mdomo pia, na meno yake yaliyopinda, na uchafu uliogandia katikati. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga, na hakuweza kuitazama hata kidogo.

Wifi alirudi saa tano na nusu, ameloa mpaka mabegani, akapiga ukelele wa furaha. "Mtazame alivyo mzuri! Mkurugenzi ataifurahia hii. Jumatatu tunaanza na funza wa puani mwa kondoo."

Mama Picha alikuwa kwenye sinki, akisugua ukucha kwa mara ya saba.

"Hao wanalala wenyewe," aliuliza bila kugeuka, "au nao nitawalaza?"

"Hao bado wazima, wifi yangu. Hawatulii."

Akaongeza sabuni.