Walinzi wa Ufa

Wakati wa vita ya pili ya nchi yetu, Uvira ilipokuwa mikononi mwa waasi, niliwahi kuwa mkuu wa mafuta ya petroli wa mji mzima. Mafuta yenyewe hayakuwapo. Kazi ilikuwapo, pamoja na kashe yake, muhuri wa ofisi, na askari wawili.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia. Kabla ya hapo nilisomea elimu ya miamba Lubumbashi miaka mitatu, mpaka njia zikafungwa nikarudi nyumbani. Nilichorudi nacho ni karatasi ndefu kama mkeka, iliyokunjwa kwa mviringo: picha ya tumbo la ziwa letu. Ilitengenezwa na wageni waliozunguka ziwani kwa meli kabla ya vita, wakipiga mishindo majini na kusikiliza mwangwi ukirudi kutoka chini. Profesa alinipa nakala kwa sababu darasani ni mimi peke yangu niliyezaliwa kando ya ziwa hilo.

Asubuhi moja naenda nayo shuleni, askari wa bariyeri, kizuizi cha barabarani pale Kalundu, wakaifungua. Wakaona mistari myeusi inakatana, na namba pembeni. Mmoja akasema hiyo ni ramani ya mahandaki ya adui. Nikapelekwa kwa komanda.

Komanda alikuwa mtu mpole, mnene, ambaye kabla ya vita alitibu ng'ombe huko milimani. Alikuwa na daftari la shule na aliandika kila kitu mwenyewe, akilitamka kila neno analoliandika. Aliniuliza karatasi ile ni nini. Kwa kuwa niliogopa, nilieleza kuliko ilivyohitajika. Nilisema nchi hapa ilivutwa huku na huku hadi ikapasuka, katikati pakazama, milima ikabaki juu, maji yakajaa. Nikasema ufa mkubwa uko upande wetu, kwa hiyo sakafu ya ziwa inateremka kutoka Burundi kuja kwetu, na tope nene limelala kwetu. Hilo lilimpendeza sana. Nikaendelea: vijidudu vya majini hufa, huzama, hufunikwa na tope, na joto la chini huvipika taratibu mpaka vinakuwa mafuta. Mafuta hupanda kupitia mchanga. Yakikuta udongo mgumu juu na mwamba ulioinama pembeni, yanakwama. Sisi tunapaita mtego.

"Ni nani alitega?" akauliza.

"Hakuna mtu, Komanda. Ni bulongo yenyewe."

"Bu-lo-ngo ye-nye-we," akaandika: udongo wenyewe ndio uliotega.

Hapo ingefaa ninyamaze. Lakini nilikuwa mwanafunzi mwaminifu, na ukweli ulikuwa haujaisha. Nikaongeza kwamba wakati mwingine mafuta hayakwami, hutoroka kwa kufuata ule ufa.

Kalamu ikasimama. "Huo ufa unapita wapi?"

"Nyuma ya muji, chini ya mulima."

"Iko na mulinzi?"

"Hapana, Komanda."

"Toka lini?"

Nikasema toka mamilioni ya miaka. Alinitazama kwa masikitiko, kama mtu aliyekuta ofisi imeachwa wazi na wale waliomtangulia. Karatasi yangu akaitundika ukutani, kichwa chini. Sikumwambia.

Kesho yake nililetewa barua ya kunipa ukuu, kashe mpya, na askari wawili ambao nilitakiwa kuwaonyesha mahali pa kusimama. Ufa ule una urefu wa safari ya siku nyingi, na sehemu kubwa umefukiwa na mawe yaliyoporomoka. Niliwapeleka kwenye njia ya miguu ipandayo mlimani, palipo na mwamba uliolainika na kuchubuka kwa mistari, ambapo mlima ulisuguana wenyewe kwa wenyewe. Mkubwa wao, mtu wa makamo kutoka Kamanyola, alipapasa ile mistari kwa kiganja akauliza kama ufa unauma. Nikamjibu kwamba hauumi. Akatandika turubai, akakaa.

Baada ya wiki moja walifunga kamba. Walitumwa kulinda, na kamba ndiyo njia ya kulinda waliyoijua. Wanawake walioteremka na muhogo na makaa wakaambiwa hawawezi kutoka upande wa juu wa ufa kwenda upande wa chini bila karatasi yenye kashe yangu. Basi watu wakajaa uani kwangu kuanzia alfajiri. Mke wangu alihamisha masufuria nyuma ya nyumba.

Niliona aibu. Lakini nikiri pia kwamba nilijisikia mkubwa. Miaka yote niliyofundisha, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kuhusu ufa ule. Sasa mtelemko mzima ulijua kila mtu anaishi upande gani. Niliwasikia wanawake wawili wakigombana kisimani, mmoja akimwambia mwenzake kwamba watu wa upande wa juu ndio walivyo, nchi yenyewe iliwatenga.

Kisha akaja bibi mmoja Mfuliiru, mjane, aliyekuwa na shamba la muhogo palepale. Kamba ilipita katikati ya shamba lake. Akiwa anapalilia kwa mikono upande mmoja na jembe limebaki upande wa pili, aliombwa karatasi. Alikaa juu ya jiwe mbele yangu, akapumzika kwanza, halafu akaniambia taratibu:

"Mwalimu, mutoto wangu, uisukume kidogo tu. Ipite nyuma ya muhogo."

Nikamweleza kwamba ufa hausukumwi, ulikuwapo kabla ya watu.

"Sasa ni nani aliileta hapa?"

Aliyeuleta hapo nilikuwa mimi. Nikachukua mchoro wa penseli niliokuwa nimewachorea askari kuonyesha njia ya ufa, nikafuta mstari, nikaukunja ukazunguka shamba lake. Nilikuwa ninadanganya juu ya kitu pekee nilichokijua vizuri. Asubuhi askari walipoona mchoro mpya wakahamisha kamba bila swali. Habari zikaenea. Mwisho wa mwezi ufa ulikuwa umezunguka mashamba mengi, kanisa moja, na nyumba ya baba mkwe wangu, na hapakuwa tena na mtu aliyehitaji kuuvuka.

Ndipo ikaja taarifa kwamba mafuta yametoka Kalundu. Komanda alipita kunichukua mwenyewe. Bandarini wapagazi walikuwa wametua magunia yao na kujipanga ukingoni. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa rangi zote. Komanda alivua kofia.

Nilichovya kidole, nikanusa. Ilikuwa mazutu, dizeli ya mashine. Pembeni ilifungwa boti, mashine yake ikidondosha tone baada ya tone, na mwenye boti alikuwa anatazama mawingu kama mtu asiyehusika. Nilijua nikimtaja, ataumia. Nikisema ni mafuta ya ardhini, watu wote wa pale watahamishwa.

"Komanda," nikasema polepole, "mafuta ya bulongo inatokaka nyeusi na nzito. Hii imeisha kupikwa."

"Si weye ulisema bulongo inapika?"

"Ndiyo, Komanda."

"Basi imepika muzuri."

Akaagiza chupa zijazwe kwa ajili ya wakubwa wake. Mwenye boti, kwa woga, alijitolea kuchota. Na kwa kuwa ule utando, ukichotwa, ulikuwa maji matupu, akaenda nyuma ya boti na kuzijaza kutoka kwenye tangi lake. Mimi nilitakiwa kuandika ripoti. Niliandika kwamba harufu yake ni ya mazutu, ukweli pekee uliopata nafasi. Tulisikia baadaye kwamba huko makao makuu waliijaribu kwenye jenereta, ikawaka mara moja. Komanda wetu akaitwa huko, akapandishwa cheo.

Aliyekuja baada yake alikuwa mwembamba, mwenye haraka, na hakuamini mambo ya mafuta. Alifunga idara yangu siku ileile. Hata hivyo, hakuna mtu anayetoka ofisini bila kukabidhi, kwa hiyo sekretere wake alinikalisha mezani tuorodheshe mali ya serikali. Kashe moja. Kamba moja. Turubai moja. Ufa mmoja.

"Iko nzima?" akauliza juu ya ule wa mwisho.

Nikajibu: "Haiko nzima. Ni ufa."

Akaandika: mbovu. Halafu akaniuliza kwa ukali kama uliharibika wakati wangu au kabla yangu. Nikasema kabla yangu. Akaniamini, akanipa nisaini.

Jumatatu nilirudi darasani. Wanafunzi walisimama wote nilipoingia, kwa heshima isiyo ya kawaida, na yule wa mbele akaniuliza kama anaruhusiwa kukaa upande wa chini.