Supu ya Mifupa

Daktari alituambia uboho, ule ulio ndani ya mifupa, ulikuwa umeacha kumtengenezea dada yangu damu. Ng'ambo wangeweza kumpandikizia wangu. Hapa Nyeri hakukuwa na njia.

Mama alisikiliza yote, kisha akanunua mifupa ya mbuzi. Aliichemsha hadi mvuke ukafunika dirisha na mlima ukapotea.

"Kunywa, mama yangu," Mama alimwambia dada. "Ni uboho."

Dada alitabasamu, ufizi wake ukivuja damu, akanielekezea kidole. "Si uboho wangu ni huyu anao? Mchemsheni yeye."

Tulicheka sote watatu. Akanywa, akalala, goti lake likiegemea langu.

Tulimzika kabla ya mvua. Asubuhi za ukungu, nikitembea mtaani Ruring'u, bado nahisi mifupa yangu mizito, imejaa.